Mahali pa Feza Katika Wimbo

Mwezi wa kumi wa mwaka 1996, tulipokuwa tunakimbia vita kwenye barabara ya kwenda Fizi, nilimpoteza mke wangu Feza, na nikapoteza pia mashine yangu ya kurekodi kaseti. Mashine niliiacha mwenyewe kichakani, kwa sababu sikuweza kumbeba mgonjwa nikabeba na mashine. Feza hakupigwa risasi. Watu wengine wanapenda niseme alipigwa risasi, lakini alikunywa maji ya kijito, akaharisha, akaishiwa nguvu, tukamzika chini ya mti kando ya barabara karibu na Swima, tukaendelea kutembea. Tuliporudi mjini kwetu Uvira watu waliniuliza kwanza habari za mashine. Siwalaumu. Mashine ilikuwa moja katika mtaa mzima, na wake waliokufa walikuwa wengi.

Nyinyi vijana mnaotengeneza muziki kwa ordinatere, yaani kompyuta, na telefoni mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi yetu ya zamani. Nimekubali, lakini msingoje niwasifu. Kazi yenu naiangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni asiyesema alikotoka. Wala sitawaambia kwamba sisi tulikuwa wakweli kuliko nyinyi. Nitaandika ninachokijua, na mahali nisipojua nitasema sijui. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa.

Nilirekodi kwaya za makanisa, harusi na matanga. Wakati wa vita, nilipopata mashine nyingine, nilirekodi pia kaseti za salamu. Mtu aliketi mbele ya mikro akaongea na ndugu zake waliokimbilia Kigoma, kaseti ikavuka ziwa ndani ya mzigo wa mfanyabiashara, na huko watu wakakusanyika kuisikiliza kama wanavyosikiliza habari. Wengi walikuja na maneno mengi kichwani, na mikro ikiwa mbele yao walisema, "Sisi tuko. Nyinyi muko?" halafu wakaanza kulia. Nilijifunza kutosimamisha mkanda mtu anapolia, kwa sababu huko ng'ambo walitaka kusikia na hilo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramazani, mwuza kaseti wa Kalundu, ambaye duka lake lilikuwa linatazamana na mahali mashua zinaposhushia samaki. Alinionyesha jinsi ya kuunga mkanda uliokatika kwa rangi ya kucha, jinsi ya kuuzungusha kwa kalamu bila kuukunja, na jinsi ya kuweka kaseti ndani ya kopo lenye mchele ili unyevu wa ziwa usizile. Mikro tuliivika soksi ili pumzi isiipige. "Soksi iwe imefuliwa," alikuwa anasema. "Mikro haina pua, lakini mwimbaji anayo."

Miksaji yetu ilikuwa miguu. Nyinyi mkitaka besi ipungue mnavuta kidole juu ya kioo. Sisi tulimwambia mwenye besi arudi nyuma. Siku moja nilimrudisha mmoja, nikamrudisha tena, mpaka akatoka mlangoni, na wimbo mzima akauimba amesimama kwenye mvua. Ukisikiliza ile kaseti besi imekaa vizuri sana. Yeye aliumwa kifua, na mkewe hakunisalimia mpaka Pasaka.

Mzee Ramazani alinifundisha pia kwamba anayependa sauti yake mwenyewe huwekwa nyuma, na mwenye haya huwekwa mbele karibu na mikro, hata kama atakataa. Feza alikuwa na haya. Ndivyo nilivyoanza kumjua, kwa kumsukuma mbele.

Sasa niwaeleze wimbo mmoja aliouimba, kwa sababu wengi wenu mnauimba na hamjui mnachokiruka.

Ni wimbo wa matanga. Kwaya inauliza, "Tumefika mtoni, nani ametangulia?" Feza alikuwa anajibu peke yake, "Niko huku ng'ambo, nawashikia kamba." Halafu kwaya nzima inarudi, "Shika, usiachilie." Wale waliowahi kuvuka mto Mulongwe wakati wa mvua wanaelewa kamba hiyo ni ya nini.

Tuliporudi kutoka Fizi, kwaya ilikuwa imepungua. Mazishi ya kwanza waliyoimbia yalikuwa ya mzee mmoja wa mtaa wa Songo. Walifika pale, wakauliza nani ametangulia, na hakuna aliyejibu. Hawakuwa wamepatana. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuuliza katika repetisyo, yaani mazoezi, ni nani atachukua mstari wa Feza. Mama Sifa, aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza na alikuwa rafiki wa mke wangu tangu usichana, aliinamisha kichwa, na wengine wakainamisha. Wakakaa hivyo. Alipoinua kichwa wakavuta pumzi pamoja na kuendelea, "Shika, usiachilie."

Tangu siku hiyo wimbo ukawa hivyo. Vita vilirudi, vikaenda, vikarudi na majina mengine, na mahali pale hapakuimbwa. Watoto waliozaliwa baadaye wakiingia kwaya waliambiwa tu, "Hapa ni mahali pa Feza, tunanyamaza." Wengi hawakumjua. Katika mji mzima mimi sina kaburi la kwenda kutembelea, kwa sababu barabara ya Swima ilipanuliwa na sikuona tena ule mti. Mahali penyewe palikuwa pale katika wimbo. Nilikuwa nakwenda kwenye mazishi ya watu nisiowajua ili nisimame pale.

Ordinatere ya kwanza ya muziki niliyoiona mtaani kwetu ilikuwa ya Dieumerci, mjukuu wa Mama Sifa. Aliiweka katika chumba kimoja kule mtaa wa Mulongwe, juu ya meza ndefu ili mto ukipanda usiifikie, akabandika magodoro ukutani. Yale magodoro yalinipa moyo kidogo, kwa sababu hata sisi tulifanya hivyo.

"Papa Sono, ingia," akasema. Papa Sono ndilo jina walilonipa watu kwa sababu ya vyombo vya sauti. "Ingia, haiumi."

"Minye siogopi. Nauliza tu kuko nani mule ndani."

"Hakuna mutu, Papa. Ni mashini." Akacheka. "Nipe neno moja."

"Neno gani?"

"Lolote."

"Ndagala," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimetoka kula hao samaki wadogo wa ziwa letu.

Akaandika, na kabla sijavua kofia yangu kwaya nzima ikaanza kuimba habari za ndagala. Wanaume na wanawake, sauti nne, na kinanda. Waliimba Kiswahili cha watu wasiowahi kukaa hapa, lakini waliimba vizuri, sikatai.

"Hawa watu wa wapi?" nikauliza.

"Haiko watu, Papa. Mashini njo inatunga."

"Nani anawafundisha?"

"Hakuna anayewafundisha."

"Na wakigombana, nani anawapatanisha?"

"Hawagombani!"

"Basi haiko kwaya."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikuwa natania. Nimerekodi kwaya nyingi kuliko nguo nilizovaa, na sijaona hata moja isiyogombana. Hata hivyo si ugomvi ulionisumbua nilipokuwa narudi nyumbani. Nilikuwa nafikiri kwamba katika kwaya ile hakuna mtu wa kufa. Na kama hakuna wa kufa, hao wanaweza kutuimbia matanga wakijua nini?

Kuna na habari ya shemasi wetu, ambaye nampenda na ambaye anaimba kama mlango usiotiwa mafuta. Dieumerci alimrekodi, akampitisha katika programu ya kunyoosha sauti, akatoka mwimbaji kabisa. Shemasi alijisikiliza mara tatu, machozi yakamtoka. "Nilijua," akasema. "Minye nilijua. Ni nyinyi mulikuwa munanivuta chini." Noeli ile akaomba solo, na kwa kuwa wote tulikuwa tumesikia alivyonyooshwa, hakuna aliyepata sababu ya kumkatalia. Kanisani hakuna programu. Wageni kutoka Makobola waliondoka kabla ya sadaka. Mnacheka, lakini angalieni: mashine haikumfundisha kuimba, ilimwondolea tu kujua kwamba hajui. Mimi mwenyewe baadaye ilinifanyia karibu na hivyo, na sikucheka.

Kisha vita vya juzi vikashuka bonde la Ruzizi. Watu wakavuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi na vitu vyao vichwani, wengine wakapanda mashua Kalundu. Mimi nilibaki Songo kwa sababu ya magoti. Dieumerci alibaki kwa sababu ya mashine, nami nilimwambia hiyo ni sababu mbaya, lakini sikuwa mtu wa kusema, kwa maana siku za barabara ya Fizi niliibeba yangu kwa muda mrefu kabla ya kuiacha. Kwaya ikatawanyika. Mama Sifa akajikuta katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mto, pamoja na wanawake wawili tu wa sauti ya pili.

Kambini watu walikuwa wanakufa, hasa watoto, na hakukuwa na kwaya ya kuwaimbia. Mama Sifa alimpigia mjukuu wake akalia. "Tunazika kama tunaficha kitu," alisema. Ndipo Dieumerci akapata wazo. Kila mwimbaji, popote alipo, aingie mahali penye utulivu, aweke telefoni mbele yake, avae masikioni kisikilizio chenye mapigo ya kuhesabia, aimbe sehemu yake peke yake, amtumie. Yeye atazikusanya sauti zote ziwe kwaya moja, halafu awarudishie, nao wacheze ule wimbo makaburini.

Ninaandika hili wazi ili msidhani namsema vibaya. Alifanya kazi hiyo kwa upendo, na umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Sauti zilitoka kambini, Kigoma, Bujumbura na Baraka. Alipomaliza aliniita. Nilivaa vile visikilizio, nikawasikia wote wamesimama pamoja, watu waliokuwa wametenganishwa na ziwa, mto na mpaka. Nilimtambua kila mmoja. Nilisikia hata yule wa besi, mtoto wa yule niliyemsimamisha kwenye mvua. Nilifurahi, nasema kweli.

Wakafika pale. "Tumefika mtoni, nani ametangulia?"

"Shika, usiachilie."

Moja kwa moja, bila hata pumzi.

Nilivua visikilizio nikaviweka mezani.

"Kuko nini, Papa?"

"Mahali pa Feza pako wapi?"

Akanionyesha kioo. "Papa, pale palinishinda. Kila mutu aliimba peke yake. Walifika pale wakanyamaza wote, iko kweli. Lakini kila mutu alirudi kwa wakati wake. Huyu mapema, huyu nyuma, Bibi ndiye wa mwisho kabisa. Nikiwaacha vile ni vurugu tupu. Nikaona niondoe shimo."

"Haiko shimo."

"Weye unaita nini?"

"Naita mahali."

"Basi niambie hapo mahali pana urefu gani, minye nirudishe sasa hivi. Sekunde ngapi?"

Miaka yote hiyo, mimi mtu wa vyombo, sikuwahi kupima. Siku nyingine palikuwa parefu, siku nyingine pafupi. Katika mazishi ya mtoto pangekuwa parefu zaidi.

"Ni mpaka bibi yako ainue kichwa," nikasema.

"Mashini haioni kichwa, Papa."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake kwamba msumari huu hauingii hapa.

Nilimwomba anichezee sauti ya bibi yake peke yake, kama alivyoituma. Nikamsikia Mama Sifa akiuliza nani ametangulia, kisha akanyamaza, na nyuma yake ikasikika kambi: mvua juu ya plastiki, sufuria, mwanamke anamwita mtoto aingie ndani. Ilikaa hivyo. Kisha akavuta pumzi na kurudi, yeye na yeye mwenyewe, bila wa kumtazama. Dieumerci alikuwa ameisafisha sehemu hiyo kwa sababu ilikuwa na kelele.

"Wimbo umeshatoka?" nikauliza.

"Umetoka jana, Papa. Wanatumiana."

Nilielewa. Kaseti yangu ikiwa na kosa nilikuwa namfuata mwenye nayo, nabisha hodi, nachukua. Yenu ikishatoka haina nyumba ya kubisha hodi. Katika siku chache niliusikia wimbo ule sokoni, kwenye moto, hizi pikipiki za abiria, kwenye boutique za Mulongwe, na watoto waliubeba hivyo hivyo, bila mahali. Kambini walizika watu kwa wimbo huo, na Mama Sifa hakulalamika, kwa sababu waliokuwa wanalia walihitaji kitu. Lakini mimi nililala na kuamka nikijua kwamba mke wangu anaondolewa mara nyingi kwa siku, na hao wanaomwondoa hawajui.

Siku chache baadaye Dieumerci alikuja kwangu mwenyewe. Hakuwa na raha. Alikataa kiti, kisha akakaa.

"Papa Sono, nimefikiri. Kama siwezi kurudisha kimya, nirudishe yeye mwenyewe. Uko na kaseti ya Mama Feza?"

Nilikuwa nayo. Ilipona kwa sababu ilikuwa ndani ya furushi la nguo zake, si pamoja na mashine. Lakini ina kasoro, na hapa nieleze jambo ambalo nyinyi wa betri za kuchaji hamlijui. Betri zetu zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kuanza bila nguvu ya kumaliza. Betri ikiishiwa wakati wa kurekodi, mkanda unatembea polepole. Ukija kuucheza kwa betri nzima, sauti zinapanda na kukimbia, wanaume wanakuwa wanawake na wanawake wanakuwa vifaranga. Siku ile ya repetisyo betri zangu zilikuwa za kuanikwa. Wimbo unaanza sawa, na kufika mstari wa Feza amekuwa mtoto. Alipojisikia dukani kwa Mzee Ramazani aliniuliza, "Sono, huyu mtoto wa nani unayemrekodi?" Tukasema tutarekodi tena nikipata betri mpya. Kisha tukakimbia.

Kwa miaka mingi niliisikiliza hivyo, nikawa namshusha mwenyewe kichwani mpaka afike alipokuwa. Hiyo ilinitosha.

Nilimwambia Dieumerci nitaileta, lakini kaseti haitalala kwake. Nilikwenda nayo ndani ya kopo lake la mchele, nikasimama nyuma ya kiti chake muda wote. Aliingiza ule wimbo katika ordinatere, akakata pale anapoimba Feza, sauti yake ikaonekana kwenye kioo kama meno ya msumeno.

"Sasa nashusha polepole, Papa. Ukimusikia, sema simama."

Akaanza. "Niko huku ng'ambo, nawashikia kamba." Mtoto. Akashusha. Msichana. Akashusha tena, akawa mwanamke kijana, nikasema moyoni ni huyu, kisha akashuka kidogo, nikasema hapana, ni huyu. Sikusema simama. Aliendelea kushuka. Mwanamke akakomaa. Akawa mama mzito wa sauti, akafika umri ambao Feza hakuufikia, nikamsikia akizeeka mbele yangu, akishika kamba ile ile, mpaka akawa na sauti ambayo labda angekuwa nayo leo kama angekuwa ameketi nyumbani kwangu akichambua maharage.

Dieumerci akageuka. "Papa, hukusema."

"Sijui."

"Hujui?"

"Yule wa katikati. Au anayemfuata. Sijui, mwanangu."

Alirudia. Tulirudia mpaka umeme ukatikisika. Kila mmoja niliyemsikia alikuwa Feza, na nilipomsikia mwenzake, huyu wa kwanza akawa mgeni.

"Tumupigie Bibi," akasema. "Yeye atamujua."

Tulimpigia. Mtandao ulikuwa mbaya, Mama Sifa alikuwa anasikika kama mtu aliye chini ya bati. Dieumerci akamweleza. Akaikaribisha telefoni kwenye spika. Kabla hajabonyeza, Mama Sifa akapaza sauti.

"Hapana! Usifungue! Unanisikia weye mutoto? Usifungue."

"Bibi, ni Mama Feza—"

"Minye niko naye mu masikio. Niko naye vizuri kabisa. Mukiniingizia mwingine, wangu atatoka. Sono iko pale?"

"Niko, Mama Sifa."

"Umeshasikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Pole, ndugu yangu," akasema.

Nilichukua kaseti yangu nikaenda nyumbani. Dieumerci hakuweka sauti yoyote katika ule wimbo, nami sikumwomba. Lakini toka siku ile nikitaka kumkumbuka Feza akiimba, wanakuja wote kwa pamoja, mtoto, kijana na mzee, na simjui wangu. Mwanzoni nilidhani itapita. Haijapita.

Kwa hiyo mkiniuliza ushauri wa kazi, mmoja ninao. Siku mtakayoletewa sauti ya marehemu muinyooshe, muisafishe, au muifanye iimbe kitu kipya, ulizeni kwanza ni nani bado anaye kichwani. Mtu huyo atoke chumbani, mfunge mlango, kisha mfanye mnalofanya. Na kama hakuna tena aliye naye kichwani, jiulizeni mnamtengenezea nani.

Sisemi mzitupe mashine. Ile ilimfikishia Mama Sifa kwaya yake kambini, na hakuna soksi wala godoro langu lingefanya hivyo. Nasema mziangalie mikono, kama ya mtu msiyemjua vizuri. Kaseti ilidanganya pia, lakini ilidanganya kwa kuchoka, na mtu alisikia kwamba imechoka. Zenu hazichoki. Mimi sijui kumchunga mwongo asiyechoka.

Bunduki zilipotulia kidogo, baadhi ya watu walirudi. Mama Sifa alirudi akiwa mwembamba, na kikohozi cha kambini hakikumwacha. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake Mulongwe. Hatukuzungumza habari za sauti. Alinitania kwamba magoti yangu yameniokoa na ukimbizi mara ya pili. Hakukaa muda mrefu. Alifariki asubuhi moja, binti zake wakiwa wamemshika.

Kwaya iliyoimba mazishi yake ilikuwa nusu ya wazee waliorudi na nusu ya vijana waliojifunza wimbo katika telefoni. Walipangwa uani, mahali palipokuwa pakavu. Sanduku liliwekwa juu ya viti viwili mbele, upande wa kushoto. Dieumerci alisimama karibu na ukuta ameinua telefoni yake, anarekodi.

Wakauliza, "Tumefika mtoni, nani ametangulia?"

Wazee wakanyamaza. Vijana wakaendelea, "Shika—" kisha wakasikia kwamba wako peke yao. Wakaacha mmoja mmoja, vibaya, bila mpango. Wa mwisho alikuwa msichana mmoja ambaye alikuwa amefumba macho, naye akafika mpaka "usiachilie" ndipo akafumbua, akaziba mdomo kwa mkono.

Kimya kikaingia. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa, vijana wakawaiga. Tukangoja. Moto moja ilipita nje barabarani. Mchungaji alitazama kitabu chake. Nikaona wazee wameanza kuinua macho, wanatazama kushoto, mbele, mahali aliposimama siku zote yule aliyekuwa anainua kichwa kwanza, na pale palikuwa na sanduku. Hakuna aliyejua ni nani sasa wa kuanza. Mimi sikujua. Tukaendelea kungoja.

Dieumerci alishusha telefoni akaitia mfukoni. Akaenda akashika sanduku upande wa miguu. Wanaume wengine wakamtazama, wakatazamana, wakaja kushika. Wakainama, wakanyanyua. Tukawafuata mpaka makaburini, na wimbo hatukuumaliza.